Ukomando wa Ng'ambo: Hesabu ya Kijana wa Migori na Homa Bay

Ajenti akikuambia ana nafasi ya ukomando katika jeshi la Ulaya, bei shilingi laki tatu, nusu sasa na nusu viza ikitoka, muulize jambo moja: risiti ya pesa hizo itatolewa na jeshi gani? Jeshi la Kenya halimtozi kurutu ada. La Uingereza halitozi. La Ufaransa halitozi, na la Marekani vilevile. Gharama halali za safari hii ni pasipoti, cheti cha polisi, viza na nauli, na kila moja ina ofisi yake na risiti yake. Anayeuza nafasi yenyewe anauza kitu kisicho chake.

Jambo la pili la kujua kabla ya kuuza ng'ombe ni kwamba mgeni haendi moja kwa moja kwenye ukomando. Huanza katika jeshi la kawaida, akiwa kurutu kama kurutu wengine. Mlango wa vikosi maalum hufunguka baada ya miaka, tena kwa wachache, na katika nchi nyingine haufunguki kabisa bila uraia. Kwa hiyo bei ninazolinganisha hapa ni za kuwa kurutu tu. Ukomando wenyewe haununuliwi.

Nayaandika haya nikiwafikiria vijana wa Awendo wanaosubiri miwa ikatwe, wa Macalder wanaochimba dhahabu mashimoni, na wa Mbita ambao samaki wamewapungukia. Pesa ya safari huku haitoki benki. Hutoka kwenye zizi Kuria, kwenye shamba linalokodishwa Ndhiwa, au kwenye injini ya mashua inayouzwa Sori. Safari ikiharibika, anayelipa ni ukoo mzima.

Kupigana chini ya bendera ya wengine si jambo geni katika eneo hili. Wazee wa iliyokuwa South Nyanza walichukuliwa kubeba mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na katika Vita vya Pili waliingia jeshi la kikoloni la King's African Rifles wakafika hadi Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Vita vilipokwisha, malipo ya kuwaaga yalitolewa kwa kufuata rangi ya ngozi. Wajukuu wao wana haki ya kuuliza masharti kabla ya kutia saini.

Nianze na nyumbani, kwa sababu ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote na watu huidharau kwa kuwa iko karibu. Jeshi la Ulinzi la Kenya, KDF, huwasajili makurutu katika viwanja vya kaunti ndogo, kwa hiyo gharama yako ni nauli ya matatu au boda boda, nakala za vyeti, na chakula cha siku moja. Sharti la umri ni miaka 18 hadi 26. Kwa askari wa kazi za kawaida, alama inayohitajika katika KCSE ni D. Urefu ni mita 1.60, na uzani usiopungua kilo 54.55 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Anayechaguliwa hupelekwa Eldoret kwa mafunzo.

Na ukomando upo hapa hapa. KDF ina 30 Special Forces na 40 Ranger Strike Force, ina kikosi cha parachuti cha 20 Para, na Jeshi la Majini lina Special Boat Unit. Wanajeshi wa Kenya ndio walioshuka ufukweni Kismayu, Somalia, usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2012. Polisi nao wana kampuni ya Recce ndani ya kikosi cha GSU. Askari aliyeingia akiwa na miaka 20 anaweza kujaribu mchujo wa vikosi hivi akiwa bado na nguvu zake zote, bila viza na bila kumwomba mtu hifadhi.

Kinachoiharibu njia hii ni hongo. Kila msimu wa usajili, mabroka huzunguka wakidai mamia ya maelfu ya shilingi, na kila msimu kuna vijana wanaofika Eldoret na barua bandia za wito. Huko hawapati kazi. Hupata pingu. Najua uchungu wa mzazi anayeamini kwamba bila kitu kidogo mwanawe hatachukuliwa, na sitamwambia kwamba usajili haujawahi kuchafuliwa. Ninachomwambia ni kwamba aliyetoa hongo hana pa kushtaki, kwa sababu naye amevunja sheria. Pesa hiyo ikipotea, imepotea.

Njia ya pili ni Uingereza, na kwa Mkenya ndiyo njia ya nje yenye masharti yaliyo wazi kuliko zote. Kenya ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, na mwezi Novemba 2018 serikali ya Uingereza iliondoa sharti la kuishi huko miaka mitano kwanza, ikaweka kikomo cha nafasi 1,350 kwa mwaka kwa majeshi yake yote. Nafasi hizo zinagombewa na watu wa Fiji, Ghana, Jamaika na kwingineko. Zikijaa, mlango hufungwa, na tangazo hutolewa kwenye tovuti ya jeshi lenyewe. Maombi yanafanywa mtandaoni bila malipo. Kambi ya jeshi la Uingereza kule Nanyuki, BATUK, ni ya mazoezi, haiandikishi mtu, kwa hiyo usimlipe anayesema ana binamu ndani.

Sasa hesabu. Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,550, na mtu wa Migori anaweza kuishughulikia Kisii badala ya kwenda Nairobi. Cheti cha tabia njema cha polisi ni 1,050, na alama za vidole unaweza kuchukuliwa Huduma Centre. Ukishaitwa kwa barua, si kabla, unalipa viza ya ugeni, iliyokuwa pauni 127 mwaka 2025, yaani karibu shilingi 22,000. Tikiti ya ndege ya kwenda na kurudi hadi London ni kama laki moja, hupanda na kushuka kwa msimu. Ongeza nguo za baridi na pesa ya mfukoni, utafika laki moja na nusu au zaidi. Jeshi halilipi safari hiyo. Ukishindwa mtihani wa mbio au wa daktari, unarudi na deni lako. Masikio, macho, pumu na majeraha ya zamani huwaangusha watu wengi wenye miguu mizuri, kwa hiyo pimwa katika hospitali ya kaunti kabla hujagusa akiba ya mtu. Kipimo cha elfu chache kinaweza kuokoa laki na nusu.

Ukifaulu, mshahara wa kuanzia ni takriban pauni 26,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Umri wa mwisho kwa askari wa kawaida ni miaka 35 na miezi sita. Vikosi maalum vya Uingereza, SAS na SBS, huchukua watu kutoka ndani ya majeshi, kupitia mchujo unaojulikana kwa milima ya Brecon na msitu wenye joto, na baadhi ya kazi hudai ukaguzi wa usalama unaoangalia umeishi Uingereza kwa muda gani. Kijana wa Rongo aweke akilini Kikosi cha Parachuti kwanza, halafu avumilie.

Kuna gharama ambayo ajenti huwa haitaji: familia. Tangu Aprili 2022, askari wa kigeni aliyetumikia miaka sita halipi ada ya kibali cha kudumu cha kuishi, ambayo zamani ilikuwa pauni 2,389. Lakini msamaha huo ni wake peke yake. Viza ya kumleta mke ilizidi pauni 1,900 mwaka 2025. Mwenye mke na watoto watatu Kendu Bay aipige hesabu hiyo mapema, kwa sababu nimeona ndoa zikivunjika juu ya jambo hili.

Ya tatu ni Légion étrangère, Jeshi la Kigeni la Ufaransa, lililoundwa tarehe 10 Machi 1831 kwa ajili ya wageni hasa. Huchukua wanaume tu, wa miaka 17 na nusu hadi 39 na nusu, bila kujali nchi wala kisomo kikubwa. Mkataba wa kwanza ni miaka mitano. Mshahara wa mwanzo ni karibu euro 1,500 kwa mwezi, chakula na malazi juu ya jeshi. Baada ya miaka mitatu unaweza kuomba uraia, na sheria ya mwaka 1999 inampa haki hiyo aliyejeruhiwa vitani. Hapa ndipo mgeni anapokaribia ukomando kuliko kwingine kokote: 2e REP, kikosi cha parachuti kilichoko Calvi katika kisiwa cha Corsica, kina makomando wake ambao ni wageni kwa asili.

Ugumu wake uko mlangoni. Legion haikutumii viza, haikutumii tikiti, na ubalozi hauandikishi mtu. Ni lazima ujifikishe mwenyewe Paris, Fort de Nogent, au Aubagne karibu na Marseille. Viza ya Schengen ni euro 90, kama shilingi 13,500, hairudishwi ukinyimwa, na ofisa wa viza anataka ushahidi kwamba utarudi nyumbani. Kijana asiye na kazi wala akaunti iliyonona hunyimwa, na anayedanganya kwenye fomu hujichafulia jina kwa safari nyingine zote. Njia hii inamfaa Mkenya ambaye tayari yuko Ulaya kihalali. Kwa anayeanzia Mbita, ni kamari ya pesa nyingi.

Marekani sitaisemea sana. Bila grini kadi huandikishwi, na hata ukiwa nayo, vikosi maalum vya Green Berets na Navy SEALs vinadai uraia kamili. Uzuri ni kwamba askari halipii ombi lake la uraia. Jambo hili ni la walio na ndugu huko na wamekwishapata karatasi.

Kisha kuna Urusi, na hapa siwezi kuandika kwa utulivu. Mwezi Septemba 2025 polisi waliwaokoa zaidi ya vijana 20 katika nyumba za kupanga Athi River waliokuwa wakiandaliwa kusafirishwa. Mwezi Novemba, Waziri wa Mambo ya Nje Musalia Mudavadi alisema Wakenya zaidi ya 200 huenda walikuwa wamejiunga na jeshi la Urusi, na waziri mwenzake wa Ukraine akataja Waafrika wasiopungua 1,436 kutoka nchi 36. Wengi waliahidiwa udereva, ulinzi au kazi ya ghalani. Wakafika wakapewa mkataba wa Kirusi, mafunzo ya siku au wiki chache, halafu mstari wa mbele. Tikiti unalipiwa, viza unalipiwa, na hiyo ndiyo hatari yenyewe: mahali pengine pote nilipopataja unajilipia nauli, huku tu ndiko unakosafirishwa bure. Kuna akina mama katika nchi hii ambao hawajapata hata mwili wa kuzika.

Sheria nayo isisahaulike. Kifungu cha 68 cha Kanuni ya Adhabu kinagusa kujiunga na majeshi ya kigeni bila kibali cha Rais, basi zungumza na wakili kabla ya kutia saini popote. Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, lakini Ibara ya 78 inaukataza kwa mwanajeshi wa Kenya. Ukichukua uraia wa Uingereza au Ufaransa, mlango wa KDF umeufunga mwenyewe, isipokuwa uuache.

Uamuzi wangu unafuata umri. KDF inakuacha ukitimiza 27, Uingereza ukikaribia 36, Legion ukikaribia 40. Mlango unaofungwa mapema ndio wa kubisha kwanza: jaribu KDF kila usajili unapotangazwa, bila kumpa mtu shilingi, huku ukitengeneza pasipoti na kufanya mazoezi. Ukishindwa hadi 26, omba Uingereza mtandaoni, na usikate tikiti kabla ya barua. Legion iwe ya aliye Ulaya tayari. Mkataba wa Urusi usitiwe saini na mtu yeyote, kwa bei yoyote. Na wewe mzazi unayeombwa kuuza ng'ombe: dai kwanza kuiona barua ya wito, uipeleke katika ofisi ya jeshi au ubalozi uliotajwa humo, na ng'ombe abaki zizini hadi wakujibu.