Je, Wajua? Jamaa ya Katanga

Wajua kwamba Katanga, nchini Kongo, ilizaa harakati ya Kikatoliki iliyoitwa kwa Kiswahili tu, Jamaa? Ilianza Kolwezi mwaka 1953 mikononi mwa Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, ikaenea hadi Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville hadi 1966.

Kabla ya hapo Tempels alijulikana kwa kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu, kilichochapwa Elisabethville mwaka 1945. Askofu wa huko, de Hemptinne, hakukipenda hata kidogo. Lakini kambini mwa wachimba shaba Tempels aliacha kufundisha, akaanza kuuliza: moyo wako unatamani nini? Alisikia mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Akawaambia kwamba yote hayo Mungu anawatakia, nao watayapata ndani ya Kristo.

Waliomsikiliza wengi walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière na wake zao, watu walioacha ukoo mbali. Kwao, kuambiwa kwamba Mungu ni Baba anayewajali lilikuwa jambo la kushikika: jirani wa kambini aligeuka ndugu. Mume na mke waliingia Jamaa pamoja, hatua kwa hatua, na padri naye alihesabiwa mmoja wao. (Padri kukaa chini na kusikiliza! Enzi za ukoloni hilo halikuwa dogo.)

Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, asirudi kuishi huko tena. Miaka ya 1970 maaskofu waliibana Jamaa, na baadhi ya wafuasi wakajitenga na kuunda makundi yao.