SIMU YA KAZI: VIBONYEZO AU KIOO?



Zamani katibu wa kikundi alihitaji daftari, kalamu na mhuri. Siku hizi anahitaji na simu. Kwa simu katibu anaandika taarifa na kuulizia bei ya mazao. Mweka hazina naye anapokea na kutuma fedha za wenzake. Hiyo ndiyo tunayoiita simu ya kazi. Ikinunuliwa vibaya haumii mtu mmoja. Fedha za wanachama wote ndizo zinazopotea.

Watu wengi huuliza: tununue simu ya vibonyezo au ya kioo cha kugusa? Wengine husema, mbona zipo zenye vyote viwili? Kweli zipo. Leo tutazieleza hizo. Zina faida zake, na zina mtego wake.

Simu hizi ni zipi?

Hapa hatusemi kitochi chenye vibonyezo vya namba. Tunasema simu yenye kibonyezo kimoja kwa kila herufi. Herufi zake zimepangwa kama za taipureta, yaani ile mashine ya kupiga chapa. Mpango huo ni wa zamani. Ulitokea Marekani, na kampuni ya Remington ilianza kuuza mashine za namna hiyo mwaka 1874.

Je, kuna tofauti gani? Chukua neno KARIBU. Kwa kitochi cha kawaida utabonyeza mara 13 ndipo neno litimie. Kwa simu yenye herufi zote utabonyeza mara 6 tu. Sasa fikiria taarifa ya mkutano yenye maneno mia mbili. Utaona ni muda kiasi gani unaokolewa.

Simu za namna hii zilizopata sifa zaidi ni za BlackBerry. Zilitengenezwa na kampuni ya mji wa Waterloo, nchi ya Kanada. Mwaka 1999 kampuni hiyo ilitoa chombo kidogo cha kusoma na kuandika barua pepe. Watu wa ofisi wakakipenda. Hata Barack Obama, alipokuwa Rais wa Marekani mwaka 2009, hakukubali kuiacha BlackBerry yake.

Lakini mwaka 2007 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa iPhone. Simu hiyo ilikuwa kioo kitupu, haina vibonyezo vya herufi. Watu wakavutwa na kioo. BlackBerry wakajaribu kuunganisha mambo mawili. Mwaka 2010 walitoa Torch, yenye kioo cha kugusa na vibonyezo vinavyovutwa kutoka chini kama droo. Mwaka 2011 walitoa Bold 9900, ambayo vibonyezo vyake viko wazi chini ya kioo. Baadaye zikaja KEYone mwaka 2017 na KEY2 mwaka 2018. Hizi mbili zilitengenezwa na kampuni ya TCL ya China kwa jina la BlackBerry.

Vinafanyaje kazi?

Kibonyezo ni kitu cha kushika. Ukikibonyeza, umeme unapita chini yake na simu inajua ni herufi gani. Kidole chako nacho kinasikia kwamba kimebonyeza. Ndiyo maana mtu aliyezoea anaweza kuandika bila kutazama sana.

Kioo hakibonyei. Kioo chenyewe kina umeme mdogo sana, na kinatambua kidole kwa sababu mwili wa mtu hupitisha umeme. Kwa hiyo kidole kilicholowa maji, au chenye sugu nene za jembe, kinaweza kukisumbua kioo. Unagusa A, inatoka S. Lakini kioo kina ubora wake: kinageuka. Sasa hivi ni herufi, baadaye ni tarakimu kubwa, kisha ni picha au ukurasa wa hesabu.

Tuzilinganishe

Kwanza, kuandika. Hapa vibonyezo vina sifa kubwa, hasa kwa mwenye kuandika taarifa ndefu. Tena simu nyingi za kioo hupenda kusahihisha maneno zenyewe, na pengine hugeuza Kiswahili chako kuwa neno la Kiingereza. Hata hivyo, usahihishaji huo unaweza kuzimwa. Mwambie anayeijua simu akuonyeshe.

Pili, kusoma. Hapa kioo kinashinda. Vibonyezo vinakula nafasi. Kioo cha Bold 9900 kina kama sentimeta 7 tu kutoka pembe hadi pembe. Kile cha KEYone kina kama sentimeta 11. Simu nyingi za leo za kioo kitupu zinafika sentimeta 15 na kupita. Mweka hazina mwenye macho ya utu uzima akisoma orodha ya michango katika sentimeta 7, ataumia macho. Tena anaweza kukosea tarakimu.

Tatu, uimara. Kioo kikianguka huvunjika. Vibonyezo navyo huingiwa vumbi na unga, na herufi zake hufutika. Zile za kuvuta kama droo zina jambo jingine: sehemu mbili za simu zimeunganishwa kwa utepe mwembamba wa waya. Ukichakaa utepe huo, simu inaharibika.

Nne, betri. Betri ya Bold 9900 inatolewa kwa mkono na kuwekwa nyingine. Ile ya KEYone imefungiwa ndani, lakini ina nguvu karibu mara tatu ya ile ya Bold.

Tano, usalama. Simu ya kikundi lazima ifungwe kwa namba ya siri. KEYone na KEY2 zinaweza kufunguliwa pia kwa alama ya kidole, katika kibonyezo kirefu cha nafasi. Hilo ni jambo jema pale penye fedha za watu.

Mtego uko wapi?

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Vibonyezo na kioo ni mlango tu. Ndani ya simu kuna programu, na nyuma ya programu kuna kampuni inayozihudumia.

Simu za zamani za BlackBerry zilipitisha ujumbe katika mitambo ya kampuni yenyewe. Mwezi Oktoba mwaka 2011, mitambo yao ya Uingereza iliharibika. Kwa siku kama tatu watu wa Ulaya, Mashariki ya Kati, Afrika na kwingineko wakakosa ujumbe. Simu zao zilikuwa nzima mikononi. Kilichokatika kilikuwa huduma.

Mwaka 2016 kampuni ilitangaza kuacha kutengeneza simu zake yenyewe. Kisha tarehe 4 Januari 2022 ikafunga huduma za zile simu zenye mfumo wake wa zamani. Ilieleza kwamba zisitegemewe tena kwa kupiga, kutuma ujumbe wala kupata intaneti. Torch na Bold ni miongoni mwa hizo. KEYone na KEY2 hazimo, kwa sababu zinatumia mfumo wa Android. Lakini nazo zimezeeka. TCL waliacha kuuza simu za jina hilo mwaka 2020, na KEY2 ilibaki na Android ya 8. Programu za fedha hudai mfumo mpya kadiri miaka inavyokwenda.

Basi ukiletewa Bold inayong'aa kwa bei ya chini, jiulize: ninanunua simu au ninanunua sanduku? Rahisi huvunja upishi.

Je, hakuna mpya za namna hii? Zipo chache. Kampuni ya Unihertz ya China imetoa simu za Titan, zenye vibonyezo, kioo na Android. Lakini kabla ya kununua, muulize fundi wa mjini kwenu kama spea zake anazipata.

Pimeni hivi

Msikubali maneno ya muuzaji peke yake. Nendeni wawili, katibu na mweka hazina, mkafanye haya mkiwa dukani:

1. Tieni laini yenu. Pigeni simu, tumeni ujumbe, fungueni intaneti.
2. Fungueni ile programu ya fedha mnayoitumia. Ikikataa, rudisheni simu.
3. Katibu aandike mistari mitano ya taarifa. Mweka hazina asome orodha ya tarakimu. Kila mmoja aseme ukweli.
4. Tokeni nayo juani. Je, kioo kinasomeka?
5. Bonyezeni kila herufi, moja baada ya moja.
6. Bonyezeni *#06#. Itatokea namba ndefu. Ilinganisheni na ile ya kwenye boksi. Simu bandia ni hasara: mwezi Juni 2016 Tanzania ilizizima zisitumike katika mitandao.
7. Daini risiti yenye namba hiyo ya simu.

Kisha toeni alama. Andikeni mambo matano tuliyoyalinganisha, na kila jambo lipeni alama 0 hadi 5. Lakini jaribio la 1 na la 2 hayana alama. Simu ikishindwa moja kati ya hayo haifai, hata kama vibonyezo vyake ni vizuri namna gani.

Kwa maoni yetu, kikundi chenye kazi nyingi za hesabu na fedha kichukue simu ya kioo kikubwa yenye mfumo mpya. Katibu mwenye kuandika sana anaweza kutafuta yenye vibonyezo, alimradi huduma yake iko hai. Na daftari lisiachwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na simu inaweza kuzimika siku yoyote.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kikundi chenu, simu inafanya kazi gani zaidi: kuandika au kusoma?
2. Kwa nini simu nzima inaweza kukosa faida?
3. Nani atunze simu ya kikundi, na nani ajue namba ya siri?