Jua Ndani ya Kizimba cha Kioo

Kinyonga mwenye pembe tatu, mwenyeji wa miteremko ya Mlima Kenya na Mlima Meru, siku hizi hufugwa hata sebuleni Marekani na Ulaya. Chakula anapata, joto anapata. Kinachomponza mara nyingi ni taa inayong'aa vizuri lakini haimfai.

Anachohitaji ni mionzi ya urujuanimno (UV) aina ya B, yenye mawimbi ya nanomita 280 hadi 315, ambayo jicho la binadamu haliioni. Ikipiga ngozi, huanzisha utengenezaji wa vitamini D3. Joto la mwili huendeleza kazi hiyo, kisha ini na figo huigeuza vitamini kuwa homoni inayowezesha utumbo kufyonza kalsiamu. Mionzi ikikosekana, mwili huchota kalsiamu mifupani. Taya hulainika, miguu hupinda kwa matege, na kinyonga hushindwa kushika tawi, hata kurusha ulimi.

Hapo wafugaji wengi hukimbilia taa kali zaidi. Mimi ningekagua kwanza kilicho kati ya taa na mnyama. Kioo cha kawaida huzuia karibu mionzi yote hiyo, kwa hiyo kizimba kilichowekwa dirishani hupata joto tu, tena joto linaloweza kuua. Wavu wa kifuniko nao huweza kula theluthi au zaidi, kutegemea ulivyofumwa. Taa yenyewe huchoka kimyakimya: huendelea kuwaka huku mionzi yake ikififia. Na asilimia iliyochapishwa kwenye boksi haisemi ni kiasi gani kinafika mgongoni.

Kinachofika mgongoni ndicho walichokitafuta mtafiti Gary Ferguson na wenzake katika utafiti waliouchapisha mwaka 2010. Walipima fahirisi ya UV pale pale walipowakuta watambaazi porini, Jamaica na Marekani, wakawagawa katika makundi manne: kuanzia wapenda kivuli, ambao wastani wao hauvuki 0.7, hadi waota jua wa 2.6 na zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 2003, Ferguson alichapisha matokeo yanayonivutia zaidi: vinyonga wa Madagaska waliolishwa D3 kidogo walijianika kwenye mionzi kwa muda mrefu zaidi. Mnyama hujipimia mwenyewe, mradi apewe nafasi ya kuchagua.

Kwa hiyo taa ya UV, yaani tyubu ndefu ya aina ya T5 yenye kiakisi, huwekwa juu ya upande mmoja, pamoja na taa ya joto, ili mionzi iwe kali kwenye tawi la juu na ipungue kuelekea majani ya chini. Ikizidi sana, huunguza macho na ngozi. Kipimo cha mkononi kinachosoma fahirisi ya UV kishikwe pale mgongo unapofika, si chini sakafuni. Namba ikiwa kubwa mno au ndogo mno, jaribu kwanza kushusha au kupandisha tawi. Sentimita chache hubadilisha mengi, na hazigharimu kitu.