Saa za Ukutani kwa Resini na Mabaki: Mradi Mdogo Unaohitaji Kipimo

Kamati kadhaa za parokia zimetuuliza kama inafaa kuvisaidia vikundi vya akina mama na vijana vinavyotaka kutengeneza saa za mapambo kwa resini na vitu vilivyotupwa. Jibu letu ni ndiyo, kwa sharti moja: resini iwe tabaka jembamba la juu tu, na mwili wa saa utokane na mabaki. Hapa tunaeleza sababu, hatua za kazi, na maswali ambayo kamati iyaulize kabla ya kutoa fedha.

Resini ni nini?

Resini inayotumika sana kwa mapambo ni epoksi. Huuzwa katika makopo mawili, moja la resini na la pili la kigumishi. Vikichanganywa kwa kipimo sahihi hutoa joto vyenyewe, na baada ya muda huwa kitu kigumu kinachong'aa kama kioo. Kikishakauka hakiyeyuki tena. Ndoo ya plastiki iliyovunjika inaweza kuyeyushwa kiwandani ikafinyangwa upya, lakini resini haiwezi. Kwa hiyo saa iliyojaa resini haistahili kuitwa bidhaa ya kutunza mazingira, hata kama ndani yake kuna vizibo viwili vya soda.

Sababu ya pili ni gharama. Chukua uso wa saa wenye kipenyo cha sentimita 30. Tabaka la milimita 3 juu yake linahitaji karibu mililita 212 za mchanganyiko. Uso huohuo ukitengenezwa kwa resini tupu yenye unene wa sentimita 1.5, zinahitajika mililita 1,060, yaani mara tano. Resini ndiyo kitu cha gharama kubwa katika kazi hii, na kikundi kisipoliona hilo mapema, faida yote humezwa na kopo.

Tulivyopata hasara

Tulipojaribu mara ya kwanza tulipima kwa macho. Tena tuliongeza kigumishi tukidhani kazi itakauka haraka. Wiki mbili baadaye saa ilikuwa bado inanata kidoleni, na kipande cha kitenge tulichokibandika kikiwa na unyevu kilifanya ukungu mweupe. Ilibidi tuitupe. Fedha ya kopo lile ilitoka kwa wahisani, ndiyo maana tunaieleza hasara hiyo bila kuificha. Kigumishi hakifanyi kazi ya hamira. Kikizidi au kikipungua, mchanganyiko haukauki vizuri.

Vifaa

Kutoka kwenye mabaki: kipande cha plaiwudi au ubao kutoka kwa fundi seremala, vizibo vya soda, vipande vya kitenge au kanga, vifuu vya nazi, ndala zilizokwisha, au vifungo vya nguo.

Vya kununua: resini na kigumishi chake, mashine ya saa ya ukutani pamoja na mishale yake, betri ya AA ya volti 1.5, msasa, selotepu pana, gundi ya mbao, na glavu.

Hatua za kazi

1. Chora duara kwa bikari na ulikate. Toboa tundu katikati kulingana na shingo ya mashine. Unene wa ubao na resini kwa pamoja uwe mdogo kuliko shingo hiyo, ili nati ipate pa kushika. Mfano, plaiwudi ya milimita 9 na resini ya milimita 3 ni milimita 12. Pima kabla ya kununua mashine.

2. Piga msasa, futa vumbi, na acha ubao ukauke kabisa. Paka kwanza resini kidogo kwa brashi na uiache ishike. Ubao usiopakwa hutoa hewa, na hewa hiyo huwa mapovu.

3. Gawa saa kumi na mbili. Bila kubadilisha upana wa bikari uliotumia kuchora duara, tembeza ncha yake ukingoni; utapata alama sita. Gawa kila nafasi katikati upate kumi na mbili.

4. Bandika mapambo kwa gundi na yaache yakauke. Vizibo vipigwe nyundo viwe bapa, la sivyo vitachomoza juu ya resini na kuzuia mishale.

5. Ziba tundu kwa nta ya mshumaa. Zungushia ukingo selotepu iliyosimama nusu sentimita. Laza ubao juu ya meza iliyonyooka. Hakikisha kwa pimamaji, kwani resini hufuata mwinamo kama maji.

6. Soma lebo. Baadhi ya resini huchanganywa sehemu mbili kwa moja, nyingine moja kwa moja. Nyingine hupimwa kwa ujazo, nyingine kwa uzito. Kwa resini ya mbili kwa moja ya ujazo, saa yetu inahitaji mililita 150 za resini na 75 za kigumishi, pamoja na kidogo kitakachobaki kwenye chombo. Koroga polepole kwa dakika tatu hadi tano, ukikwangua pembeni na chini.

7. Mimina mara moja. Mchanganyiko mwingi ukikaa ndani ya kikombe hupata joto kali na unaweza kutoa moshi. Mapovu yatoboe kwa kijiti cha meno, kisha funika kwa boksi lisiloligusa.

8. Subiri. Mara nyingi hushika baada ya siku moja au mbili, na hukomaa baada ya wiki moja hivi. Sehemu za baridi kama Lushoto au Njombe huchukua muda zaidi. Kisha toa nta, funga mashine, na elekeza mishale yote juu kabla ya kuweka betri.

Usalama

Hapa hatubembelezi. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta mzio, na mzio huo ukishaingia huweza kudumu maisha yote. Vaa glavu kila mara. Ikigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji, si kwa tina. Fanyeni kazi penye hewa, mbali na jiko, chakula na watoto. Vyombo vya kupimia visirudi jikoni. Wakati wa kupiga msasa resini iliyokomaa, vaeni barakoa ya vumbi. Mabaki yasimwagwe kwenye mtaro. Yaachwe yagande kwanza.

Saa yetu wenyewe

Saa za dukani huweka 12 juu, ilhali sisi mshale mfupi ukiwa hapo husema saa sita. Kikundi kinaweza kuweka 6 juu na 12 chini, na 7 mahali pa 1, hivyo hivyo hadi mwisho. Mashine haibadilishwi, wala usomaji wa dakika haubadiliki. Mtoto ataisoma saa kama anavyoitaja nyumbani, na hii si saa inayopatikana kila duka.

Kamati iulize nini?

Kwanza, nani ataagiza? Kikundi kitengeneze saa mbili za mfano na kutafuta wateja kabla ya kuomba kopo la pili. Pili, je, gharama zote zimehesabiwa: resini, mashine, glavu, nauli, saa zitakazoharibika na siku za kazi? Bei isiyojumuisha kazi ya mikono ni hasara iliyofichwa. Tatu, nani ana jukumu la kupima? Tunashauri wawe wawili. Mmoja apime, mwingine aandike daftarini.

Kikundi kinachojibu maswali haya matatu kinastahili kuaminiwa fedha. Kisichoweza, kisifukuzwe, bali kianze na saa za ubao na kitenge bila resini, ambazo nazo huonyesha saa vilevile.