Mtoto Anayebana Choo

Ukimwona mtoto wa miaka miwili amejificha nyuma ya pazia, kasimama kwa ncha za vidole, mapaja kayabana, uso umemwiva na jasho linamtoka, usidhani anasukuma. Anazuia. Wazazi wengi huisoma ishara hii kinyume, na matibabu huanza vibaya hapo hapo.

Chanzo huwa ni maumivu. Siku moja choo kilitoka kikubwa na kikavu, kikamchana, naye akaapa moyoni kwamba hatarudia. Tangu hapo haja ikimjia anaikaza. Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji, kwa hiyo kinyesi kinavyozidi kukaa ndivyo kinavyozidi kukauka, na safari ya pili inauma kuliko ya kwanza. Baada ya wiki kadhaa sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka, ikazoea kujaa, na mtoto hasikii tena haja vizuri. Akienda mara mbili tu kwa wiki au pungufu, huku akibana au akilia, na hali hiyo ikidumu mwezi mzima, hilo ni tatizo la kutibiwa.

Kalerwe, mtaa wa Kampala, ina mtego wake. Nyumba kadhaa za kupanga hutumia choo kimoja cha shimo, chenye giza, na tundu lake limekatwa kwa kipimo cha mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu anaogopa kutumbukia, nami sioni kosa lake. Mwachie poti chumbani, hata majirani wakisema ameshakuwa mkubwa. Mkalishe dakika tano hadi kumi baada ya kula, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana nao huamka. Nyayo zikanyage chini au juu ya kigoda. Miguu inayoning'inia haisaidii kusukuma. Asichapwe, asichekwe.

Kuhusu chakula, soko liko mlangoni: papai, embe, parachichi, mboga za majani kama nakati na dodo (yaani mchicha), maharagwe, na bei zake watu wa Kampala wanazifuata kutoka mbali. Hata hivyo wako watoto wanaoishi hatua chache kutoka kwenye meza hizo na kushinda na posho, yaani ugali, na chai ya maziwa. Maziwa ya ng'ombe yakizidi sana nusu lita kwa siku humshibisha mtoto, na chakula chenye nyuzinyuzi kinakosa nafasi.

Habari ya nyuzinyuzi, kwa kweli, ina mizizi yake jirani. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, mwendo mfupi kutoka Kalerwe. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya vinyesi: wanavijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, Waingereza wa jeshi la majini takriban gramu 100. Lakini Burkitt hakuwa akiwatibu watoto waliokwisha kufunga choo. Papai na mchicha ni kinga. Mtoto ambaye tumbo limeshajaa mawe hatafunguliwa na papai peke yake, na kumlazimisha anywe maji lita kwa lita ni kumtesa bure.

Huyo anahitaji dawa ya kulainisha choo. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2014 huanza na makrogoli, na isipopatikana, laktulozi. Kipimo atoe mhudumu wa afya baada ya kumwona mtoto. Kosa ninalolijua zaidi ni kuacha dawa mara tu choo kinapolainika. Matibabu huchukua angalau miezi miwili, kisha dawa hupunguzwa pole pole, maana mtoto anahitaji muda wa kusahau kwamba choo kinauma.

Kipande cha sabuni na maji ya miti shamba yanayoingizwa kwa nyuma viacheni kabisa. Vinaweza kuunguza utumbo, na vinamthibitishia mtoto hofu yake. Angalieni pia chupi: uchafu mwepesi unaovuja kila siku unaweza kuwa majimaji yanayopita kando ya kinyesi kigumu. Mzazi akidhani ni kuhara, akanunua dawa ya kufunga tumbo, anaongeza tatizo.

Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama tu ni habari nyingine. Baada ya wiki sita za mwanzo anaweza kupitisha siku kadhaa bila choo na akawa mzima, mradi kikitoka kiwe laini. Ila kama hakupata choo katika saa 48 za kwanza baada ya kuzaliwa, au mtoto wa umri wowote anatapika kijani, tumbo limevimba, ana homa, anapungua uzito au anatoka damu nyingi, msihangaike na duka la dawa. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Mulago na Kawempe zote ziko karibu.