Yai la trei tano: Jinsi ndege-tembo wa Madagaska alivyoishi na kutoweka

KATIKA mtaa wa Ziwani jijini Nairobi, kama ilivyo kote Eastlands, mwenye duka hununua mayai kwa trei, kila trei ikiwa na mayai 30. Yai moja la ndege-tembo wa Madagaska lilikuwa na ujazo wa takriban mayai 150 ya kuku, yaani trei tano kamili.

Ndege huyo alitoweka yapata miaka 1,000 iliyopita. Hata hivyo, yai lake lingali linasaidia kueleza jinsi alivyoangamia.

Makao yake yalikuwa kisiwa cha Madagaska, ambacho mabaharia wa Uswahilini walikiita Bukini. Ndege-tembo walikuwa wa aina kadhaa. Aliyekuwa mkubwa kuliko wote alifikia kimo cha mita 3 hivi na uzani wa zaidi ya kilo 500, karibu sawa na mbuni wanne.

Pamoja na kufanana huko, mbuni si jamaa yake wa karibu. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2014 ulibaini kuwa jamaa huyo ni kiwi wa New Zealand, ndege asiyeruka mwenye ukubwa wa kuku. Kwa kuwa visiwa hivyo vimetenganishwa na bahari kuu, wanasayansi walihitimisha kwamba mababu wa ndege hao waliweza kuruka, na uwezo huo ukapotea baadaye. Madagaska haikuwa na simba, chui wala fisi, na chakula cha mimea kilipatikana ardhini. Mabawa yakawa mzigo usio na faida.

Mwaka 2018, watafiti waliochunguza mafuvu yake waligundua kwamba sehemu ya ubongo inayohusika na kuona ilikuwa ndogo mno, ilhali ya kunusa ilikuwa kubwa. Dalili hizo zaonyesha kwamba alitafuta chakula usiku, akiongozwa na pua kuliko macho, kama afanyavyo kiwi.

Ni nini basi kilichomwangamiza? Kufyekwa kwa misitu, mifugo na uwindaji vyote vimetajwa. Lakini baadhi ya wataalamu wanaona kwamba pigo kubwa lilikuwa kuchukuliwa kwa mayai. Kumkabili ndege wa nusu tani kulihitaji ujasiri. Kubeba yai lililotagwa ardhini hakukuhitaji hata mkuki, nalo lilitosha kulisha jamaa nzima. Kiumbe mkubwa kwa kawaida huzaa polepole, hivyo kila yai lililoliwa lilikuwa pengo lisilozibika upesi.

Kumbukumbu yake ilidumu. Katika miaka ya 1650, gavana Mfaransa Étienne de Flacourt aliandika kuhusu ndege mkubwa wa kusini mwa kisiwa hicho, atagaye mayai kama mbuni na kupenda mahali pasipo watu. Wanasayansi walimpa jina rasmi, Aepyornis, mwaka 1851.

Kwa Kenya, kisa hiki si cha kale tu. Mbuni wa Kisomali, anayepatikana kaskazini mwa nchi, aliorodheshwa mwaka 2014 miongoni mwa ndege walio hatarini. Miongoni mwa yanayomtishia ni uwindaji na kuokotwa kwa mayai yake.