Fatwa ya Simu na Ngamia wa Liboi

Mfugaji wa Liboi, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwenye ngamia ishirini anajua kuwa mwaka ukitimia atatoa zaka ya mbuzi wanne, mbuzi mmoja kwa kila ngamia watano. Wakifika ishirini na watano, hesabu hubadilika, hutolewa ngamia jike aliyetimiza mwaka. Ubishi huja na ukame. Tuseme mvua zimekosa, na kwa mwezi mzima amewalisha ngamia wake marobota ya nyasi za kununua. Zaka ingalipo, ingawa mwezi huo hawakujilisha porini?

Akiuliza kwenye simu, tovuti inayofuata madhehebu ya Hanbali itamwambia atazame sehemu kubwa ya mwaka: miezi kumi na mmoja wamejilisha porini, basi atoe. Wafuasi wa Malik watamwambia atoe hata kama wangelishwa mwaka mzima. Lakini Wasomali wa huku ni Shafii, na kitabu cha Imamu Nawawi, Minhaj, kinapima vingine: mifugo ikilishwa kiasi ambacho ingekikosa ingedhurika waziwazi, zaka haiwajibiki. Washereheshaji wa kitabu hicho wanasema mnyama huvumilia siku mbili, si tatu. Mwezi mzima, basi, umeshapita mpaka huo kwa mbali.

Majibu mawili yanamtoza mbuzi wanne, la tatu halimtozi hata mmoja, na hakuna mwanachuoni aliyekosea. Tatizo ni kwamba tovuti nyingi hujibu kana kwamba kauli ni moja tu. Kwa hiyo kabla ya kusoma hukumu, mimi hutafuta jina la aliyejibu, kitabu alichokitegemea na swali lenyewe lilivyoulizwa. Islamweb iko chini ya wizara ya wakfu ya Qatar. Dar al-Ifta ya Misri ipo tangu 1895. Hizo angalau zina mwenyewe. Jibu lisilo na jina la mtu wala la kitabu hulipita, hata liwe na aya ngapi. Na anayeruka kutoka tovuti hadi tovuti mpaka apate jibu jepesi, huyo hatafuti fatwa, anatafuta ruhusa.

Mayahudi nao wana tofauti kama hizi. Shulhan Arukh, kitabu cha sheria za Kiyahudi cha Yosef Karo, kilipochapwa Venice mwaka 1565, Moshe Isserles wa Krakow alikiongezea desturi za Waashkenazi, Mayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki, na hadi leo Pasaka ikifika kuna nyumba za Kiyahudi zinazopika wali na nyingine haziugusi. Mpishi lazima ajue kwanza yeye ni wa upande gani.

Kwa zaka, maalimu wa duksi, chuo cha Kurani, anatosha. Talaka ni jambo jingine. Talaka tatu kwa kauli moja, madhehebu manne yanazihesabu tatu; Ibn Taymiyya alizihesabu moja, na sheria ya Misri ya 1929 ikaenda naye. Mume wa Liboi anaweza kuchapisha fatwa ya Kairo na kuja nayo mkononi, lakini fatwa ni rai, haimfungi mtu. Ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali mamlaka yake, kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimempa kadhi. Asiyeridhika na hukumu ya kadhi hukata rufaa Mahakama Kuu.